Kura ya Miguu: Mazungumzo juu ya Kuhudhuria Bulabo

Mada ya leo ni tamasha la ngoma liitwalo Bulabo, linalofanyika Bujora, Kisesa, katika wilaya ya Magu mkoani Mwanza, na hasa namna ambavyo mtu anayetoka katika ukanda huu wa dhahabu na almasi, wa Shinyanga, Kishapu, Kahama na Geita, anaweza kulihudhuria akafaidi kile alichokifuata.

Mazungumzo yaanze na swali. Je, mtu anayekwenda kutazama ngoma anakwenda kuwa nani huko? Anayekwenda uwanja wa mpira hukata tiketi, huketi na kushangilia, lakini mabao huhesabiwa na mwamuzi mwenye filimbi, na kelele za jukwaani haziongezi bao wala hazipunguzi. Katika mashindano ya ngoma za Kisukuma, ambazo kwa lugha ya wenyewe huitwa mbina, utaratibu wa asili ni mwingine kabisa. Vikundi viwili huingia katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, vyote vikipiga, vikiimba na kucheza pamoja, na watazamaji huwa huru kusimama watakako na kuhama watakapo. Kikundi kinachowavuta watu wengi kimeshinda, na kinachobaki kikichezea uwanja mtupu kimeshindwa, bila hoja wala rufaa. Mtazamaji, kwa hiyo, ndiye mwamuzi, na kura yake ni miguu yake. Jambo hili msikilizaji alishike tangu sasa, kwa sababu ushauri karibu wote utakaofuata, hata ule wa maji na viatu, unatokana nalo.

Mashindano haya yana mizizi mirefu. Jamii mbili kubwa za wacheza ngoma katika Usukuma ni Bagika na Bagalu, na majina hayo yanatokana na waanzilishi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao walikuwa mamanju, yaani watungaji na viongozi wa nyimbo, na wakati huohuo waganga mashuhuri walioshindana kwa sanaa na kwa dawa. Hadi leo familia nyingi za Shinyanga, Mwanza na Simiyu hujitambua kuwa za upande mmoja au wa pili, kama watu wa Dar es Salaam wanavyogawanyika kati ya Simba na Yanga, na si ajabu kijana akarithi upande wake kutoka kwa babu kabla hajajua tofauti ya mapigo. Msimu wa mashindano ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, vumbi limeshika njia na watu wana nafasi.

Bulabo yenyewe ni changa kuliko Bagika na Bagalu. Neno hilo katika Kisukuma lina maana ya maua, na maua yanayokusudiwa ni yale yanayopamba maandamano ya Sikukuu ya Ekaristi, ambayo Wakatoliki huiadhimisha kwa kuuheshimu Mwili na Damu ya Kristo. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe aliyeiongoza misheni ya Bujora, aliona kwamba Wasukuma hawangeweza kuombwa waache ngoma zao mlangoni mwa kanisa. Akajenga kanisa la mviringo kwa kufuata umbo la nyumba ya asili, akazikaribisha ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kulifungulia jambo hilo mlango duniani kote, na akawaalika Bagika na Bagalu waje washindane katika sikukuu hiyo. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kubwa, kwa maana uliokoa mambo mengi ambayo kwingineko yalipotea.

Vijana wa Geita mjini na Kahama wanaotazama kwenye simu zao anime, yaani filamu za katuni za Kijapani kama Naruto, huenda wakauliza kama tamasha la ngoma linawahusu. Linawahusu kuliko wanavyodhani. Mjini Tokyo, tangu Desemba 1975, hufanyika mkutano uitwao Comiket, ambao ni soko la vitabu vya katuni vinavyochapwa na wapenzi wenyewe, na siku hizi hufanyika mara 2 kwa mwaka, Agosti na Desemba, ukikusanya umati mkubwa mno. Waandaaji wake wameweka kanuni ya kwamba hapo hakuna mteja: anayeuza, anayenunua na anayesimamia foleni wote huitwa washiriki. Wapo pia wanaovaa kama wahusika wa katuni, sanaa inayoitwa kosplei, na hao hawaruhusiwi kufika wakiwa wamekwisha kuvaa, bali hubadilisha mavazi katika vyumba vilivyotengwa, na mtu haanzi kuwapiga picha mpaka awaombe. Mikutano ya aina hiyo imefika Afrika Mashariki pia, kwa mfano NAICCON ya Nairobi. Sasa, je, ni nini kinachotenganisha kijana wa Tokyo aliyeshona vazi lake kwa miezi na mchezaji wa Kishapu aliyefunga njuga miguuni na kushika usinga mkononi? Kinachotenganisha ni umbali wa bahari tu. Wote wawili wanamhitaji mtazamaji anayejua alichofuata.

Baada ya utangulizi huo, yafuate mambo ya safari. La kwanza ni tarehe, na hapa wengi hukosea. Bulabo huandamana na Sikukuu ya Ekaristi, na sikukuu hiyo huhesabiwa kutoka Pasaka, ambayo nayo huhama kila mwaka. Kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haimfai mtu mwaka huu. Pasaka inapowahi, sikukuu yaweza kuangukia mwishoni mwa Mei, na Pasaka inapochelewa, huangukia siku za mwisho za Juni. Anayefanya kazi ya zamu mgodini na anayepaswa kuomba ruhusa mapema aitazame kalenda ya kanisa mara tu Pasaka inapopita, kisha aulize parokiani au kwa jamaa walioko Kisesa siku hasa za mashindano, kwa sababu ngoma huweza kuchukua siku kadhaa na siku ya kilele si lazima iwe ya kwanza.

La pili ni njia. Kisesa iko takriban kilomita 20 kutoka Mwanza mjini katika barabara iendayo Musoma, na msafiri wa kusini hana sababu ya kuingia katikati ya jiji na kukwama katika msongamano wake. Anayetoka Shinyanga hupita Hungumalwa, Mabuki na Misungwi hadi Usagara, na aliyeko Kahama huingia katika njia hiyohiyo kupitia Tinde. Hapo Usagara hukamata barabara ya mchepuo inayotokea Kisesa moja kwa moja. Anayetoka Geita hupita Sengerema na Busisi, na kwake mambo yamekuwa mepesi zaidi tangu Juni 2025 lilipozinduliwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, ambalo limeondoa kusubiri kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Zamani safari ya Bulabo kutoka Geita ilitegemea foleni ya kivuko, na mtu aliweza kufika ngoma zikiwa zimepoa. Sasa anayeondoka alfajiri anafika kabla jua halijawa kali. Wanaokodi Noah au mchomoko, yaani magari madogo ya abiria, kwa pamoja wapatane na dereva nauli ya kwenda na ya kurudi kabla ya kuondoka, na wapatane pia juu ya saa ya kurudi, kwa kuwa jioni ya tamasha magari ya Kisesa hugombewa na bei hupanda.

La tatu ni mwili wenyewe. Juni katika nchi ya Ziwa ni mwezi wa jua kavu mchana na baridi ya upepo usiku, na uwanja unaokanyagwa na mamia ya miguu hutoa vumbi lisilo na huruma kwa mwenye pumu. Kofia, leso ya kufunika pua, viatu vilivyofungwa visivyotoka mguuni katika msukumano, shuka au koti la jioni, na maji ya kutosha kwa kila mtu: hivyo havitakiwi kuachwa nyumbani. Chakula kitauzwa, lakini foleni za chakula hula muda wa ngoma, na wazee wa Usukuma walikwisha kulitatua jambo hilo zamani kwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, ambavyo vikitafunwa pamoja na karanga humtosha mtu tangu asubuhi hadi jioni, havivunjiki, havichachi wala havihitaji sahani.

Msikilizaji na atambue kwamba maji, viatu na michembe vimetajwa kwa sababu ileile iliyotangulia kusemwa. Mtazamaji aliyechoka, mwenye kiu na aliyebanwa na viatu vibaya hukaa palepale alipofikia, na mtazamaji asiyehama hapigi kura.

Na kura ipigweje? Hapa ndipo penye kiini. Kosa kubwa la mgeni ni kuzama katika mduara wa kwanza anaokutana nao, akavutwa na ngoma kubwa zilizo karibu na lango, akabaki hapo hadi machweo, kisha akarudi Geita akisema ameiona Bulabo. Ameiona nusu. Anayetaka kuwa mwamuzi wa haki azunguke kwanza uwanja wote kwa utulivu, asimame kila upande kwa muda wa nyimbo kadhaa, na atazame mambo matatu kabla hajaamua. Atazame manju, ambaye Wasukuma humwita ning'i: je, anaimba maneno mapya yanayogusa mwaka huu, bei ya pamba, mvua iliyokatika, vijana waliopotelea machimboni, au anarudia ya mwaka juzi? Atazame mpangilio wa wachezaji, kama mistari inageuka pamoja au kila mmoja anacheza na kivuli chake. Tena atazame ubunifu wa kuvuta watu, kwa sababu jamii hizi zimejulikana tangu zamani kwa kuleta uwanjani sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa, sarakasi, vichekesho na hata wanyama hai, na mara nyingi jambo moja la kushangaza likiletwa kwa saa yake hubadili mwelekeo wa umati mzima. Ni vema kuwa ukingoni wakati huo, si katikati: aliye ukingoni huona umati ukianza kumeguka, husikia manju wa upande unaoachwa akipandisha sauti kuwarudisha watu, naye mwenyewe ana nafasi ya kuhama bila kusukumana. Vilevile ni salama zaidi, kwa maana umati unaohama ghafla humkanyaga aliyeinama kuokota simu.

Watasikika pia waimbaji wakitukanana. Msikilizaji asiyezoea asishtuke. Kejeli kati ya Bagika na Bagalu ni sehemu ya utunzi, manju humsema manju mwenzake kwa uvivu, kwa sura, kwa ng'ombe wachache, na aliyesemwa hujibu kwa ubeti mkali zaidi. Huo ni utani wenye kanuni, na mipaka yake ni uwanja. Kulibeba neno la uwanjani hadi kwenye kilabu cha pombe usiku na kumrushia jirani wa upande wa pili ni kuvunja kanuni hiyo, na magomvi huanzia hapo.

Ngoma zenyewe si za aina moja, na kila aina ina adabu yake. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ilizaliwa shambani, ambako vikundi vya kulima kwa pamoja vilipigiwa ngoma kubwa ili mikono iende sawa, na wachezaji wake huyarusha majembe hewani na kuyadaka. Ni wazi kwamba mtoto hapaswi kusogezwa mbele kabisa ili aone vizuri. Bayeye, ambao pia huitwa bagoyangi, ni jamii ya wajuzi wa nyoka, na huingia uwanjani na chatu shingoni. Chatu hana sumu, lakini nyoka wengine wanaoweza kuletwa wanayo, na ujuzi wa mchezaji ni wa mchezaji, hauhami kwa mtazamaji kwa kusimama karibu. Anayetazama bayeye aache hatua za kutosha kati yake na nyoka, asimrushie kitu mnyama, asiombe kumshika ili apigwe picha; na ikitokea bahati mbaya ya kuumwa, Bujora au kwingineko, apelekwe hospitali bila kukawia, dawa za asili zisichukue nafasi ya safari hiyo. Bununguli nao ni jamii iliyotokana na wawindaji wa nungunungu. Katika jamii zote hizi, vibuyu, mapembe na vifurushi vilivyowekwa chini kando ya wachezaji si mapambo yaliyosahaulika: ni dawa na vitu vya heshima vya kikundi, na mgeni asiviguse wala asiviruke.

Je, picha zipigwe? Zipigwe, lakini kwa kuomba. Mchezaji aliye katikati ya wimbo hawezi kuombwa; asubiriwe anapopumzika, aombwe kwa heshima, aitwe baba, mama au kaka kadiri ya umri wake, na akikataa, jambo liishie hapo. Watoto wanaocheza wasipigwe picha pasipo idhini ya mkubwa wa kikundi. Kuingia katika mduara na simu juu ni kuwaziba macho watu waliosafiri umbali uleule. Fedha za kuwatuza wachezaji zitengwe mapema, noti ndogondogo, katika mfuko tofauti na ule wa nauli, kwa sababu mtu anayefungua pochi nzima katikati ya umati anawaonyesha vibaka mahali pa kuanzia. Na nauli ya kurudi ikiwekwa katika simu, namba ya siri isibonyezwe mbele ya macho ya watu. Wenye watoto waandike namba ya simu ya mzazi katika kikaratasi wakiweke mfukoni mwa mtoto, na wakubaliane tangu asubuhi mahali pa kukutania pasipohama, kama vile mlango wa kanisa, wala si kando ya kikundi fulani, kwa kuwa mduara huhama na watu wake.

Kuna jambo moja linalohitaji kusemwa wazi katika mazungumzo haya, nalo ni viti. Katika matamasha mengi ya siku hizi, ya mikoani na ya wilayani, huwekwa meza kuu yenye mahema na viti vya wageni rasmi, na vikundi huitwa kimoja baada ya kingine vicheze vikiielekea meza hiyo kwa dakika chache, kisha vipewe alama na majaji. Utaratibu huo ni mzuri kwa hotuba na kwa kamera, lakini si mashindano ya mbina. Vikundi visipocheza kwa pamoja hakuna kushindana, na watazamaji wasipoweza kuhama hakuna kura. Manju naye akiimbia watu kumi walioketi badala ya maelfu wanaoweza kumwacha, hana sababu ya kutunga ubeti mpya. Waandaaji wa matamasha ya ngoma katika ukanda huu, wakiwemo wale wa Sanjo ya Busiya inayofanyika Ukenyenge, Kishapu, katika utemi wa kale wa Busiya, wanaombwa kwa dhati waendelee kuuachia uwanja nafasi ya vikundi viwili, angalau kwa saa moja ya siku, wageni rasmi nao wakisimama na kuzunguka kama watu wengine. Na msikilizaji anayeweza kuchagua siku moja tu ya kwenda achague siku ya mashindano ya uwanja wazi, si siku ya hotuba.

Wale wasioweza kufika Magu wana Ukenyenge karibu zaidi, hasa kwa watu wa Shinyanga mjini, Maganzo na Mwadui, na ushauri wote uliotolewa hapa unafaa huko pia.

Kwa wenye nafasi ya kulala Kisesa, asubuhi inayofuata haipaswi kutumika kitandani. Makumbusho ya Wasukuma yako hapohapo Bujora, juu ya kilima chenye mawe, katika majengo yaliyoanzishwa na Padre Clement, na mojawapo limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi, likihifadhi vigoda, ngoma na vitu vingine vya enzi ya watemi. Jengo la ngoma lina vifaa vya Bagika na Bagalu, na mtu aliyekwisha kuwaona uwanjani jana yake hukuta kwamba kila kifaa kimepata sauti: njuga anaijua ilivyolia, sanamu anaijua ilivyogeuza shingo, na anaweza kumwuliza mwongozaji maswali ambayo aliyetangulia makumbusho kabla ya uwanja hangeyafikiria. Mpangilio huo, uwanja kwanza na makumbusho baadaye, unapendekezwa hasa kwa walimu wanaoleta wanafunzi kutoka Geita na Kahama.

Safari ya kurudi ianze kabla ya saa nane mchana, ili Hungumalwa au Sengerema vipitwe kungali mwanga.